Kompresa ya Ras Kitau: anza na stima, tangi baadaye

Ukivuka mkondo kutoka Shela, Lamu, ukashuka Ras Kitau, usitarajie gereji yenye shimo la kushukia chini ya magari. Karakana ya hapa ni banda nyuma ya nyumba: injini ya boti imefungwa kwenye ubao, pikipiki imevuliwa gurudumu, toroli ina pancha, na makopo ya rangi yamesukumwa pembeni. Gari, kwa aliye nalo, linalala Mokowe upande wa bara. Mwenye banda kama hilo ndiye ninayemwandikia, kwa sababu akienda Mombasa kununua kompresa atauziwa mashine ya mtu mwingine. Ataoneshwa tangi kubwa, kibandiko cha hospawa 3, na ataambiwa kwamba hii ndiyo ya kazi.

Ushauri wangu ni kinyume cha huo. Nunua kompresa ndogo iliyo kamili, yenye mota ambayo umeme wako unaweza kuiamsha, na uitumie kwa kazi zile tatu ambazo hewa haina mpinzani: kujaza matairi, kupuliza uchafu na kupiga rangi. Kazi nyingine zote waachie vifaa vya umeme na vya betri.

Sababu ni hii. Hewa iliyoshindiliwa ni njia ghali ya kusafirisha nguvu. Mota inapoikandamiza, sehemu kubwa ya umeme uliolipia inageuka joto, linatoka kwenye kichwa cha silinda na kupotea. Nguvu inayofika kwenye kifaa mwishoni ni kama sehemu moja kwa kumi ya ile iliyoingia, au zaidi kidogo. Kwenye kiwanda chenye umeme wa fezi tatu jambo hilo linavumilika. Kwenye nyumba inayotegemea sola au jenereta, na petroli iliyokuja kwa boti, haliwezekani kufumbiwa macho. Sanda ya hewa ya kulainishia bodi la gari hula lita 300 za hewa kwa dakika na zaidi, bila kupumzika, na kuilisha kunataka kompresa ya hospawa 3 au 4. Sanda ya umeme ya wati 300 inafanya kazi ileile. Vivyo hivyo spana ya kufungulia nati za magurudumu: ya betri leo ina nguvu ya kutosha gari dogo, unaitia mkobani na kuvuka nayo hadi Mokowe. Ya hewa haiendi popote bila mpira wake.

Kabla ya kutoa pesa, basi, jiulize unachofanya kwa wiki. Ikiwa ni upepo wa tairi la gari na la pikipiki tu, usinunue kompresa. Pampu ndogo ya volti 12 inayochomekwa kwenye betri ya gari itajaza tairi hadi paundi 32 kwa dakika chache, nayo inakaa chini ya kiti. Ikiwa unahudumia injini za boti, hapo kompresa inaanza kujilipa. Kabureta ya injini ya mipigo miwili ina vijitundu vyembamba mno, na petroli iliyokaa miezi huacha gundi ndani yake. Ukipuliza kila jeti baada ya kuiosha unapata uhakika ambao waya haukupi, tena waya unaweza kulikwangua tundu likawa kubwa kuliko lilivyotengenezwa. Kupuliza huku kunataka hewa ya vipindi vifupi, kwa hiyo tangi la lita 24 linatosha sana. Rangi ndiyo inayodai zaidi: bunduki ndogo ya kurekebisha mikwaruzo hutumia lita 100 hadi 150 kwa dakika, na bunduki kubwa ya kupiga gari zima huanzia 250. Mwili wa mashua, wa mbao au wa faiba, unapakwa vizuri kwa brashi na rola, kwa hiyo usiuingize kwenye hesabu.

Anayefikiria biashara upande wa bara ana hesabu tofauti. Tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lianze kazi Kililana mwezi Mei 2021, malori ni wateja wa kweli, na tairi la lori hutaka paundi 100 hadi 120. Mashine ndogo ambayo mwisho wake ni bar 8, yaani paundi 116, itafika 100 ikitweta, na 120 haitaifikia. Huyo anataka kompresa ya hatua mbili, ambayo silinda ya kwanza inaikandamiza hewa na ya pili inaimalizia, na tangi la lita 200 au 300. Mashine hiyo ikae Mokowe, hukohuko kwenye barabara.

Tukija kwenye kibandiko. Hospawa iliyoandikwa kwa herufi kubwa haisemi mengi; wengine huandika nguvu ya mota wakati wa kuanza, siyo ya kazi. Tazama sahani ndogo ya chuma iliyopigiliwa kwenye mota na usome kilowati. Hospawa moja ni kilowati 0.75, kwa hiyo mota ya kilowati 1.5 ni hospawa 2, kibandiko kiseme kisemavyo. Kisha tafuta lita kwa dakika. Hapo pana mtego wa pili: tarakimu inayotangazwa mara nyingi ni hewa ambayo pistoni inavuta, wala siyo ile inayoingia kwenye tangi likiwa tayari lina shinikizo. Kati ya hizo mbili kuna upungufu wa theluthi moja, wakati mwingine zaidi. Mashine iliyoandikwa lita 200 itakupa 120 hadi 140 kwenye bar 6. Ukikuta herufi CFM, hizo ni futi za ujazo kwa dakika. Zidisha kwa 28 upate lita.

Huna haja ya kumwamini mtu, kwa kuwa saa ya simu inatosha kupima. Mwambie muuzaji aiwashe. Geji ikifika bar 6 anza kuhesabu, ikifika 8 simamisha. Zidisha lita za tangi kwa mbili, kisha gawanya kwa dakika zilizopita. Tangi la lita 50 likichukua dakika moja, mashine inatoa lita 100 kwa dakika kwenye shinikizo hilo. Likichukua dakika mbili, inatoa 50, nawe umenusurika kununua pambo. Muuzaji atakayekataa kuiwasha amekwisha kukujibu.

Tangi lenyewe halitengenezi hewa, linaihifadhi tu. Tangi kubwa juu ya pampu dhaifu hukupa mwanzo mzuri, kisha unakaa ukingoja. Hesabu ya tairi inaonesha jinsi dogo linavyoweza kutosha: tairi la gari dogo lina nafasi ya takriban lita 30, na kulifikisha paundi 32 kutoka tupu kunahitaji hewa ya lita 65 hivi. Tangi la lita 24 likishuka kutoka bar 8 hadi 3 limetoa lita 120. Ni karibu matairi mawili, hata mota isiposaidia. Lita 24 hadi 50 ndizo ninazozipendekeza kwa Ras Kitau, tena kwa sababu ambayo muuzaji wa Mombasa haioni: mashine ya lita 24 mtu mmoja huishusha botini akatembea nayo mchangani, ya lita 50 inataka watu wawili, na ya lita 200 inazidi kilo 100 na magurudumu yake madogo hayaujui mchanga.

Umeme sasa. Stima ya Kenya ni volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde, na soketi ya kawaida ya nyumbani huishia ampea 13. Mota ya hospawa 2 ikiwa kazini hula ampea 9 au 10, kwa hiyo soketi inaimudu. Hospawa 3 tayari inagusa mpaka na inataka waya wake peke yake kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi. Lakini shida haiko kwenye kula, iko kwenye kuamka. Mota ya aina hii ikiwashwa huvuta mara tano au sita ya ampea zake za kawaida kwa sekunde moja hivi. Ile ya ampea 10 huomba 50, ambazo ni kVA 12. Hapo ndipo jenereta ndogo ya kVA 2.5 huguna, taa zikafifia, na mota ikabaki inanguruma bila kuzunguka hadi iungue. Kwa hospawa 2 weka jenereta ya kVA 5 au zaidi. Kwa sola, mota ya hospawa moja na inveta ya kVA 5 zinapatana. Uifanye kazi saa za jua kali, wakati paneli zinaleta umeme moja kwa moja. Kompresa ya hospawa moja ikizunguka saa nzima usiku inamaliza kilowati-saa moja ya umeme, na betri moja ya risasi ya ampea-saa 100 haiwezi kuutoa umeme huo bila kuumia.

Ipo pia kompresa ya injini ya petroli, pampu ikivutwa kwa mkanda na injini ya hospawa 5 au 6. Haiombi stima wala inveta. Ina kelele, ina moshi, na kila lita yake ya petroli imevuka bahari. Kwa mwenye nyumba ya kawaida naiona ya mwisho katika orodha. Kwa fundi anayefuata boti fukweni ni ya kwanza.

Na kwa kuwa hapa kwetu haikosekani familia yenye ndugu Ghuba, tahadhari moja kuhusu mashine za zawadi. Oman na Falme za Kiarabu hutumia mizunguko 50 kama sisi, kwa hiyo kompresa ya Maskati au Dubai itafanya kazi hapa. Saudia hutumia mizunguko 60. Mota iliyotengenezewa 60, ukiichomeka kwenye 50, inazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita na inapata joto lisilo lake. Katika joto la hapa haitamaliza msimu wa kaskazi. Za Marekani ni mbaya zaidi, volti 120 na mizunguko 60, na za Japani ni volti 100. Soma sahani ya mota kabla ndugu yako hajalipa mzigo.

Ya mafuta au isiyo na mafuta? Pampu ya mafuta hulainishwa na oili iliyo chini ya pistoni, hudumu miaka, na hutengenezeka. Isiyo na mafuta haikumbushi mtu kubadilisha oili na haitemi matone kwenye rangi, ila pete zake zikichakaa kwa kawaida unabadilisha silinda nzima. Za zamani za aina hii hupiga kelele isiyosemeka. Siku hizi kuna zilizo tulivu, zenye mota inayozunguka nusu ya kasi, na unaweza kuongea na mtu aliye karibu bila kupaza sauti. Ras Kitau ni mahali pa utulivu, kuna wageni waliolipa ili wasikie mawimbi tu, na sauti huvuka maji hadi Shela bila kizuizi. Hilo ni la kuzingatia. Hata hivyo, kwa mtu anayejua kutumia spana, mimi bado nachagua ya mafuta, na ya mkanda nikimudu bei, kwa sababu pampu yake huzunguka mara elfu moja hivi kwa dakika badala ya elfu mbili na mia nane za ile iliyofungwa moja kwa moja kwenye mota. Mwendo wa pole huleta joto kidogo na uhai mrefu. Oili iwe ya kompresa, daraja la 100; oili ya gari ina sabuni zinazoacha masizi kwenye valvu.

Kuhusu maji nitakaa kidogo, maana ndiyo yanayoua kompresa za visiwani. Hewa ya Lamu ni mbichi. Katika joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, kila mita moja ya ujazo wa hewa imebeba gramu 23 hivi za mvuke. Ukiikandamiza hadi bar 8 na ikapoa ndani ya tangi, inaweza kushikilia gramu 3 na nusu tu. Zilizobaki, karibu gramu 19, zinageuka maji. Kompresa inayotoa lita 150 kwa dakika, ikizunguka saa moja, imepitisha mita 9 za ujazo, na imekuachia gramu 170 za maji chini ya tangi: karibu kikombe kizima cha chai. Tena ni maji yanayokaa juu ya chuma, katika hewa yenye chumvi, mahali ambapo jicho halifiki.

Kwa hiyo fungua kizibo cha chini ya tangi kila siku uliyoitumia, siyo kila wiki. Kifungue kukiwa na shinikizo dogo lililobaki, paundi 15 au 20, ili hewa iyasukume maji yote nje, kisha kiache wazi hadi utakapoiwasha tena. Kama kizibo kimekaa mahali pabaya kiasi kwamba lazima ulale chini kukifikia, nunua bomba fupi na valvu ndogo ukitoe pembeni. Jambo ambalo linakera kulifanya halifanywi.

Anayepiga rangi anahitaji pia chujio la kutenga maji, na mahali pa kulifunga pana maana. Ukilifunga kwenye tangi, hewa inapita ikiwa bado ya moto na maji bado ni mvuke, kwa hiyo chujio halishiki kitu. Maji yatajitengeneza mbele, ndani ya mpira, na kutokea kwenye bunduki. Ipe hewa mita 8 au 10 za kupoa kwanza, kisha weka chujio karibu na kazi. Hata hivyo usipige rangi alfajiri au mara tu baada ya mvua. Rangi inayokauka haraka hupata ukungu mweupe unyevu ukitua juu yake. Na rangi za kuchanganya na kigumu zina sumu inayoshambulia mapafu, ambayo kitambaa puani hakiizuii hata kidogo.

Mahali pa kuiweka: kivulini, pakavu, hewa ikipita, mgongo ukiwa kwa upepo wa kusi, kwa sababu kusi hubeba mchanga na chumvi na vyote viwili hupenda chujio la hewa. Usiifungie kwenye stoo ya mabati, itajizima kwa joto na utadhani imeharibika. Isikae karibu na bomba la moshi la jenereta wala petroli. Ukitaka kufika mbali, refusha mpira wa hewa na usirefushe waya wa umeme, kwani waya mrefu mwembamba hupunguza volti na mota hushindwa kuamka. Mpira wa mita 10 wenye tundu la milimita 8 unafaa kwa kila kitu kilichotajwa hapa.

Kisha hatari. Tangi lililoliwa na kutu halitoboki kila mara kwa upole, wakati mwingine hupasuka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inadai matangi ya hewa mahali pa kazi yakaguliwe na mtu aliyeidhinishwa, na ukimwajiri kijana mmoja bandani, pako pamekuwa mahali pa kazi. Vuta pete ya valvu ya usalama mara moja kwa mwezi uhakikishe inapumua. Tangi lisichomelewe kamwe, hata na fundi hodari. Usijipangusie vumbi mwilini kwa hewa, maana hewa yenye nguvu huingia kwenye ngozi na jichoni. Usizungushe beringi kwa kuipuliza, inaweza kupasuka mkononi.

Lingine, kwa kuwa tuko baharini: usimlishe mzamiaji hewa ya kompresa ya gereji, wala wa kuokota majongoo bahari wala wa kukwangua tumbo la boti. Hewa hiyo imebeba mvuke wa oili, na injini ya petroli ikiwa jirani imebeba pia gesi ya moshi isiyo na harufu. Chini ya maji, shinikizo huzidisha ukali wa sumu hiyo, na mtu hupoteza fahamu bila kujua linalomtokea. Kompresa za wazamiaji ni mashine nyingine kabisa, zenye vichujio vyake, na zinajaza mitungi kwa bar 200 na zaidi.

Ukinunua iliyotumika, lala chini kwanza utazame mahali pa kizibo. Kutu inayomomonyoka ukiikwangua, au kiraka cha weldi, maana yake ni kurudisha pesa mfukoni. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Iwashe hadi ijizime, usikilize: mluzi mfupi mara moja ni wa kawaida, ni hewa inayotolewa kichwani ili mota iamke bila mzigo safari ijayo. Mluzi usiokoma ni valvu ya kuzuia hewa isirudi iliyochoka, kitu cha bei ndogo ambacho unaweza kumpunguzia muuzaji nacho bei kubwa.

Na siku hiyohiyo ya kununua, ukiwa bado dukani Mombasa, chukua chujio la hewa la akiba, mkanda mmoja, seti ya valvu na gasketi za kichwa, swichi ya presha na chupa mbili za oili. Vitie kwenye mfuko wa plastiki ndani ya ndoo yenye kifuniko, usije ukafuata gasketi moja Mombasa.